Mtungi Usiopungua

Jumatatu, 20 Oktoba 1997. Garissa

Masanduku manne yamefika kutoka Nairobi na mvua imefika nayo. Salat, mlinzi wetu, anasema mvua ya namna hii hajaiona tangu azaliwe. Tumepanga nyumba mbili za mawe karibu na soko la mifugo. Moja ndiyo maabara, nyingine nalala mimi. Paa la maabara linavuja pembe mbili na mwenye nyumba amesema atakuja kesho, kama alivyosema juzi.

Nina miaka thelathini na tisa. Kazi ya maabara nimeifanya miaka kumi na sita, na mara mbili nimewafundisha vijana wenye digrii, wakapanda ndege wao kwenda ng'ambo, nami nikabaki nikiosha chupa walizoziacha. Safari hii Daktari Wanjugu, mkuu wa mradi wetu kule Nairobi, ameniahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Nikipima panya mia moja hadi mwisho wa Januari, na rekodi ikiwa safi, Septemba naenda kusoma mimi. Hilo la rekodi safi alilisema mara mbili.

Nimetia sahihi kwamba vyote vimefika salama, nikampa dereva karatasi yake.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefungua masanduku. Chupa nne za chumvi za kuchanganyia dawa zimebanduka lebo kwa unyevu. Moja imejaa majimaji, bila shaka paa liliivujia. Nimeimwaga. Zilizobaki ni tatu, na kwa kuwa zote ni unga mweupe uleule, naona ile ya nne ilikuwa ya akiba. Nimeziandikia lebo upya kwa kusoma mabaki ya zile za zamani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ardo ameanza kazi. Ni mwanamke wa Balambala, mjane, umri wake kama wangu. Atatega panya, atafua makoti na kuosha vyombo. Ana mbuzi ishirini na mmoja anaowachunga dada yake, na binti anayesoma darasa la sita hapa mjini. Kiswahili anakijua, ila p mara nyingine humtoka b. Ananiita daktari. Nimemwambia mimi si daktari, akasema haye, yaani sawa, kisha akaniita daktari.

Aliniuliza tunatafuta nini ndani ya panya. Nikamweleza kwamba vijidudu vya maradhi vimevaa sukari juu ya ngozi yao, na kwamba katika damu kuna protini inayoikamata ile sukari, ikawashika vijidudu kabla mwili haujajua hata ni adui gani ameingia. Mtu hahitaji kuugua kwanza ili awe nayo, anazaliwa na maagizo ya kuitengeneza, yaani jeni. Sisi binadamu tuna jeni moja inayofanya kazi hiyo, panya anazo mbili. Za panya wafugwao maabara zinajulikana. Daktari Wanjugu anataka kujua kama panya wa porini huku kwenye ukame wanazo nzima, au zimeharibika.

Ardo alifikiri kidogo. Akasema basi panya ana askari wawili mlangoni na mtu ana mmoja, ndiyo maana panya hafi. 

Jumatatu, 27 Oktoba

Sahani ya kwanza. Hakuna kitu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Sahani ina vishimo vidogo vilivyopakwa sukari ya hamira. Unatia seramu ya panya, majimaji ya damu yake, iliyochanganywa na zile chumvi na maji ya maabara, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, hayana chochote ndani. Protini ikiwemo, inanata kwenye sukari. Mwishoni unatia dawa ya rangi, na palipo na protini panageuka kijani. Leo panya kumi na mmoja, vishimo vyote vyeupe kama maziwa ya unga. Nimerudia mchana. Vyeupe.

Jumatano, 29 Oktoba

Vyeupe. Mwenye nyumba hajaja.

Jumatatu, 3 Novemba

Kijani hafifu sana katika vishimo vinne. Niliinua sahani dirishani mara tano kuhakikisha macho hayanidanganyi.

Jumanne, 11 Novemba

Kijani kimekolea. Panya tisa kati ya tisa. Ni mkono tu uliokuwa haujakaa sawa, nadhani, maana nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kufanya kipimo hiki. Nimepiga simu Nairobi na Daktari Wanjugu amesema, "Vizuri sana, Munyao." Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hivyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Barabara imekatika. Malori yamekwama upande wa pili wa mafuriko na sukari dukani imepanda. Panya hawana shida hiyo. Maji yamewafukuza mashimoni na sasa wamejaa majumbani mwa watu. Ardo analeta kumi, kumi na wawili kwa siku. Siagi ya njugu iliyotumwa na Nairobi kuwa chambo ameikataa. Anatumia mafuta ya mkia wa kondoo, na lazima niseme panya wanamuunga mkono.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 20 Novemba

Panya arobaini na watatu, wote kijani, hata wale wa mwanzo niliowarudia. Maji ya maabara nilidhani yangekuwa yameisha kufikia sasa, mtungi mmoja wa lita ishirini tu, lakini bado umejaa karibu mdomoni. Natumia kwa kipimo. Vijana wa digrii wangeyamaliza kwa wiki moja wakisuuza vikombe.

Jumanne, 25 Novemba

Mbu. Mbu. Mbu.

Jumatano, 3 Desemba

Mbuzi wanakufa. Salat anasema kila boma lina mizoga, ngamia wanatupa mimba, na huko mashambani watu nao wanaugua na kutoka damu. Ardo hakuja jana. Leo amekuja, akaosha vyombo vyote, akategua mitego, na saa sita ndipo aliposema kwamba katika mbuzi ishirini na mmoja wamebaki wawili. Nilimpa pole. Akasema sasa hii kazi ndiyo mbuzi wake.

Panya sabini na wanane.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu nije huku, na naandika yote ili nikiulizwa nisisahau.

Nilirudi kutoka posta mapema kwa sababu simu zimekufa tena. Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Ardo alikuwa amechuchumaa mbele ya mtungi wa maji ya maabara akimimina ndani yake maji kwa jagi la plastiki. Maji ya kisima kile cha nyuma ya nyumba, chenye chumvi, kinachoacha chokaa nene ndani ya birika langu hata chai ina ladha ya ukuta.

Nilimuuliza anafanya nini. Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza kumimina, akafunga kifuniko.

"Najaza," akasema.

"Umeanza lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kila siku nikifunga kazi najaza."

 Nikakaa juu ya sanduku. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma.

"Hakuna mtu. Kila siku inabungua kidogo. Mtu ataacha aje mtungi haijaa na kisima iko hapa? Mwingine anakuja nyuma yako, anabata maji hakuna. Sasa wewe utaitwa mtu wa aina gani?"

Nikamwambia haya si maji ya kunywa.

"Maji yote ni ya kunywa," akasema.

Alikuwa akinihurumia, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ananihurumia mtu mzima nisiyejua jambo ambalo kwao hata mtoto wa kuchunga anajua. Huku anayekuta chombo cha maji kimepungua ndiye wa kukijaza. Wala hapaswi kujisifu kwa hilo, ndiyo maana hakuniambia. Alidhani nimeona. Alidhani mtu anayechota kwenye mtungi miezi miwili bila kupungua angeona.

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameniharibia maisha. Panya themanini na watano, wote wamepimwa kwa maji ya kisima, nani atayaamini matokeo hayo? Nilimwambia aondoke asirudi. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Akauliza ni nani atakayetegua mitego ya leo, maana panya wakikaa ndani ya bati hadi kesho watakufa kwa joto.

Nimetegua mwenyewe. Nimeumwa kidole.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemwaga mtungi mzima. Nimeandika faksi kwa Daktari Wanjugu kwamba mfanyakazi ameharibu maji kwa makusudi au kwa ujinga, nikampa Salat aipeleke posta simu zikirudi. Salat aliisoma yote pale mlangoni bila kuniomba ruhusa, akaondoka nayo.

Ijumaa, 19 Desemba

Ndege ya misaada imeniletea mitungi miwili ya maji ya maabara kutoka Nairobi, imefungwa kwa lakiri. Namshukuru Mungu. Nimebakiza seramu kidogo ya kila panya kwenye friji ya gesi, basi nitapima wote upya.

Jumamosi, 20 Desemba

Vyeupe.

Jumatatu, 22 Desemba

Vyeupe. Panya walewale waliokuwa kijani kibichi mwezi uliopita. Nimebadilisha sahani, nimebadilisha dawa ya rangi, nimeosha mikono kama daktari wa upasuaji. Nimekonda. Salat ananitazama kupitia dirishani kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Ilikuwa niwe nyumbani Mwingi. Nimekula biskuti na samaki wa kopo. Sahani moja, nyeupe.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Maabara imefungwa. Nimefurahi kupata sababu.

Jumanne, 30 Desemba

Jibu la Nairobi limefika. Daktari Wanjugu anasema hanilaumu mimi, mazingira ni magumu, na kwamba ahadi yake iko palepale nikikamilisha hesabu ya panya kwa maji safi. Kuhusu Ardo, ameagiza aachishwe kazi rasmi na jina lake lipelekwe kwa mashirika yote yanayoajiri hapa mjini, wasije wakamchukua mtu asiyeaminika.

Nimeandika karatasi tano na kuzitia muhuri wa mradi. Salat amezipeleka. Aliporudi alisema kwamba wale wa chakula cha msaada ndio wanaoajiri wanawake wengi kuliko wote sasa. Nikamwambia sikumuuliza.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mwaka mpya na mfungo wa Ramadhani umeanza. Mji umetulia mchana. Vyeupe.

Jumatano, 7 Januari

Nimeanza kumchukia kila mtu. Nairobi kwa kunituma, mwenye nyumba kwa paa lake, panya kwa kuwa na jeni zao mbili na kunificha. Maana niko na mambo mawili tu ya kuchagua. Ama panya wote wa Garissa wamepoteza protini hiyo ghafla tarehe kumi na mbili Desemba, ama mimi ni mjinga.

Jumanne, 13 Januari

Simu zimerudi. Nimempata Daktari Wanjugu saa nne asubuhi. Nikamweleza kwamba kwa maji safi hakuna kinachoonekana. Akauliza swali moja, kwa upole, kama anayemuuliza mtoto kama amenawa.

"Kalsiamu unatia kiasi gani?"

Nikasema natia chumvi zote nilizoletewa. Akaniambia nizitaje. Nikazitaja tatu. Akasema ni nne, hakuna ya akiba, na kwamba bila kalsiamu protini hii haiwezi kushika sukari hata kidogo, ni kama mkono usio na vidole. Akaongeza kwamba chumvi ya kalsiamu ni rahisi kuitambua, kwa sababu ukiacha kifuniko kimelegea inakunywa unyevu wa hewa yenyewe mpaka inageuka majimaji.

Nilimwambia laini inakatika, nikaweka simu chini. Laini haikuwa inakatika.

Nimerudi nikachota maji ya kisima kwenye kikombe. Nikachukua seramu ya panya nambari kumi na saba, nusu nikaichanganya kwa maji ya Nairobi na nusu kwa maji ya kisima. Saa tisa upande wa Nairobi ulikuwa mweupe. Upande wa kisima ulikuwa kijani kama majani ya mvua hii.

Chokaa ile. Chokaa ya birika langu ndiyo kalsiamu. Mwezi Oktoba nilimwaga chupa iliyokuwa nzima, nikisingizia paa. Vishimo vilikuwa vyeupe mpaka mtungi ulipopata maji ya kutosha kutoka kwa Ardo, na kadiri alivyozidi kujaza ndivyo rangi ilivyozidi kukolea, nami nikajisifu mkono. Miaka kumi na sita ya maabara. Kijana wa mwaka wa kwanza angejua chumvi ipi hunywa hewa.

Jumatano, 14 Januari

Mvua. Nimepanga chupa.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua asubuhi. Nimelala mchana.

Ijumaa, 16 Januari

Salat ameniuliza kama Ardo anaweza kurudishwa. Nikamwambia tuone. Hakuniuliza tutaona nini.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekaa na jambo hili nikaligeuza kila upande. Naweza kuagiza chupa nyingine ya kalsiamu niseme ya kwanza imeingia unyevu wiki hii, jambo ambalo hata si uongo mkubwa. Seramu bado ninayo. Nitapima wote tena kwa maji safi na kalsiamu, watatoka kijani, nitatega wachache waliobaki, hesabu itatimia kabla ya mwisho wa mwezi, rekodi itakuwa safi. Hakuna mtu atakayeumia. Nimeandika hivyo, kisha nimekata ule mstari, kwa sababu najua nani ataumia.

Lakini nikisema ukweli ni lazima niseme nilitia sahihi bila kufungua masanduku, nikamwaga chupa bila kuuliza, nikamsingizia mwanamke asiye na kosa. Hakuna anayempeleka ng'ambo mtu wa namna hiyo. Nitakuwa na miaka arobaini Machi.

Niliwahi kudhani Ardo ni mtu asiyefikiri. Ni yeye aliyejua panya wanapenda nini, ni yeye aliyetaka mitego iteguliwe siku niliyomfukuza. Mimi nilifikiri nini miezi hii yote? Nilifikiria Septemba.

Jumapili, 18 Januari

Nimeenda kwake na Salat baada ya alasiri. Anakaa kwenye nyumba ya mikeka iliyolowa hadi katikati, alikuwa akishona pengo la mvua kwa kamba za plastiki. Binti yake, Kaaha, alitutandikia gunia. Ardo alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni wakati wa mfungo, kwa adabu, bila kuacha kushona. Hakuniita daktari.

Nilimweleza yote. Chupa, kalsiamu, chokaa. Kwamba ile protini ya panya ilinata kwenye sukari kwa sababu ya maji aliyoyajaza yeye, na kwamba nilipoyamwaga ikaacha. Salat alitafsiri pale Kiswahili changu kilipokuwa kigumu. Ardo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo banya ilikuwa inaonekana na maji yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi sikuharibu kitu."

"Hukuharibu. Mimi ndiye niliyeharibu, Ardo. Nisamehe."

Alichomeka sindano kwenye mkeka.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Salat hakujua, hakuna aliyejua. Nilisema, "Jumanne."

Alihesabu kwa vidole, polepole, bila hasira yoyote. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo. Kisha akarudisha kidole kwenye Alhamisi.

"Alhamisi wale wa chakula walichagua wanawake ishirini ya kugawa mahindi. Miezi sita, kazi ya kuandikwa. Mimi nilikuwa kwa laini tangu alfajiri, na funga, na mvua. Wakafika kwa jina yangu, wakaangalia karatasi yako, wakasema toka." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Alhamisi wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Haye," akasema, akachomoa sindano.

Nilingoja aseme jingine. Anitukane, au aniambie niende. Alikuwa ameinama kwenye mkeka, na Kaaha alikuwa amesimama kando ya mlango akinitazama. Nikasema nitawaendea wale wa chakula kesho mwenyewe, nichukue karatasi yangu, niwaambie. Nikasema kazi yake iko, akitaka. Akasema amesikia. Salat alinigusa bega, tukaondoka.

 Tulipofika sokoni Salat akaniuliza Alhamisi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nimelala.

Jumatatu, 19 Januari

Saa mbili nilikuwa kwa wale wa chakula. Walinirudishia karatasi yangu na kusema samahani, orodha imefungwa, labda Julai. Nikazunguka kwa wale wengine wanne. Wote walikuwa wameitunza vizuri.

Kisha nimeandika faksi kwa Daktari Wanjugu, kurasa mbili. Sahihi niliyotia bila kufungua masanduku, chupa niliyomwaga, mtungi, maneno niliyomwandikia juu ya Ardo. Nimemwambia panya wa Garissa wana protini yao, wote niliowapima, na kwamba kama si Ardo tusingeijua. Nimeandika kwamba kuhusu Septemba naelewa.

Salat aliisoma pale mlangoni kama kawaida yake. Alipofika ukurasa wa pili alisimama, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika kwamba ukweli niliujua Jumanne tarehe kumi na tatu, nikamwambia Ardo Jumapili tarehe kumi na nane.

"Hii si lazima," akasema. "Nairobi hawajui. Andika tu umejua, inatosha."

Nikamwambia aipeleke ilivyo.